Bao la Ugenini

Wiki ile yote sikuweza kukaa kitako. Nilikuwa nikiinuka mezani kabla chai haijapoa, natoka hadi langoni, naangalia barabara kana kwamba kuna mgeni, kisha narudi kuuliza ni nani ameichukua chai yangu. Mama alinivumilia siku tatu. Siku ya nne akasema, “Hii nyumba si uwanja. Kama ni kukimbia, kimbia shambani, viazi viko.”

Sababu ilikuwa mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu, mimi nimemtangulia kwa miaka kumi na miwili, na yeye alikuwa kipa wa timu ya taifa ya wanawake. Timu ilikuwa imebakiza mechi moja ifuzu mashindano ya Afrika. Huku kwetu Molo watu walikuwa wakinisimamisha sokoni kuniuliza inakuwaje nchi inafuzu, nami nilikuwa nikiwaeleza kwa sauti ya mtu anayejua. Nchi zinapangwa mbili mbili. Mnacheza kwao, kisha mnacheza kwenu, mabao ya siku zote mbili yanajumlishwa, aliyezidi anasonga mbele. Mkishinda raundi ya kwanza mnapewa wapinzani wengine, mnaanza upya. Mkiwatoa na hao, mmefuzu. Mkitolewa, mnarudi nyumbani kungoja hadi mashindano mengine yaitishwe. Maelezo yangu yaliishia hapo, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza zaidi, niliamini yametosha.

Mdogo wangu alikuwa ameshatolewa hivyo mara tatu. Mechi ya kwanza ya raundi hii ya mwisho ilichezwa kwao, wakafungwa mawili kwa moja. Lile bao la pili lilipita katikati ya mikono yake. Asubuhi yake akanipigia simu akiwa uwanja wa ndege.

“Nikikosa hii, naweka glavu chini,” aliniambia. “Niko na miaka thelathini na moja. Nimechoka na hii maneno ya tutajaribu tena. Usiambie Mama.”

Hapo ndipo dada mkubwa anapompa mwenzake moyo. Mimi nikamwuliza, “Sasa ule mpira mbona hukuupiga ngumi?”

Akasema wanaitwa kwenye ndege. Akakata. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hufika kabla yangu. Nilijaribu kumwandikia ujumbe wa kujirekebisha, nikaufuta, nikaandika mwingine, nikaufuta, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikaamua nitamwona uso kwa uso Jumamosi, siku ya marudiano Nairobi. Mama alikuwa ameshapiga pasi nguo zake.

Lakini lori la viazi lilipaswa kuja Alhamisi. Likakwama kwenye matope, likaja Jumamosi saa sita mchana, na viazi vilikuwa vimechimbwa tangu Jumatano. Anayevijua viazi anajua havina subira. Jua likivipiga vinageuka kijani, mvua ikivinyeshea vinaoza, na pale tulipokuwa tumevifunika kwa mabua palikuwa pameshaanza kutoa joto. Nikamwambia Mama hatuendi.  Alikaa jikoni na viatu vyake vya kanisa miguuni, akawasha redio.

Mimi nikaenda shambani na wapakiaji wanne na simu yangu. Mtandao shambani unashika mahali pamoja tu, kwenye mti wa mwisho wa ua wa misonobari, huko juu pembeni. Kwa hiyo nilikuwa nikipanda kutazama dakika mbili, nikishuka kushona gunia moja, nikipanda tena. Nilikanyaga viazi, nikakanyaga kamba, nikakanyaga chakula cha watu.

“Mathe, tulia,” akaniambia mkubwa wa wapakiaji. “Hiyo mpira itachezwa hata ukikaa.”

Nilimwambia mimi si mathe wake, sikumzaa, na kama anataka kutulia atulie yeye. Akarudi kwenye magunia.

Mapumziko yalifika bila bao. Kipindi cha pili nilishindwa kabisa kushuka. Nilisimama chini ya ule mti na sindano ya magunia mkononi, nikamwona mdogo wangu kwenye kioo, mdogo kama punje, akitembea kutoka mlingoti hadi mlingoti. Hata yeye hatulii, nikawaza, hii ni ya ukoo. Kisha msichana mmoja wa kwetu, mwembamba, akapokea mpira karibu na boksi, akageuka, akapiga. Moja bila. Nilipiga kelele hadi ng'ombe wa jirani wakainua vichwa.

Dakika za mwisho wale wengine wakapata kona. Mpira ulipaa juu ya vichwa vya wote, nami nikafumba jicho moja, nikamwona akiruka katikati ya watu na kuupiga ngumi ukaenda mbali. Nilijua ngumi ile ilikuwa jibu, na aliyejibiwa ni mimi.

Refa akapuliza filimbi ya mwisho, akainua mikono. Picha ikaganda hapo hapo.

Wapakiaji walikuwa wamenifuata mtini. Wakaanza kurukaruka. Nikawakemea, “Nyamazeni! Bado. Ni mbili kwa mbili. Hiyo ni penalti sasa.”

Sikuwa na shaka hata chembe. Mimi pia nilikuwa kipa, wa timu ya shule, na kwenye mashindano yetu yote mkienda sare mnapigiana penalti, hakuna maneno mengine. Mechi yangu ya mwisho ilikuwa fainali Nakuru mjini. Tulienda sare. Wapinzani waligundua baada ya mpira wa kwanza kwamba ninaruka kulia, wakapiga yote kushoto, nami kwa ukaidi nikaendelea kuruka kulia. Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Nilirudi nyumbani nikatupa glavu uani, mdogo wangu akaziokota akazivaa miguuni kama soksi. Alikuwa na miaka mitano. Nikazitoa miguuni nikamvisha mikononi, nikamwambia jambo moja tu nililokuwa nimejifunza: ukikosa kujua, ruka kushoto. Tangu siku ile sijawahi kutazama penalti, hata za watu nisiowajua.

Nikazima simu. Nikaitia mfukoni, nikachukua jembe, nikaenda upande wa pili wa shamba ambako kulikuwa na mstari mmoja tuliouacha. Nikaanza kuchimba. Shina la kwanza nilisema, Mungu, kushoto. La pili, kushoto. La tatu jembe likapasua kiazi kikubwa katikati, nikaona ni ishara mbaya, nikalirudia. Nilimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya ule mpira niliouulizia. Nilimwambia asinilipizie kwa huyu. Nilipomaliza mashina matano nikaanza tena matano mengine, kwa sababu labda wamefungana huko nako. Machozi yalinitoka na sikuyapangusa, mikono ilikuwa na udongo.

Mstari ulikuwa karibu kwisha nilipomwona Mama akija kwenye matope na vile viatu vya kanisa.

“Unachimba nini na lori imejaa?” akauliza.

“Wamefika ngapi?”

“Ngapi nini?”

“Penalti, Mama.”

Akaniangalia jinsi anavyomwangalia mtu mwenye homa. “Penalti gani? Hao watoto wamefuzu kitambo. Redio imesema mpaka imechoka.”

Nami, badala ya kufurahi, nikabishana naye. Nikamwambia ni mbili kwa mbili, hesabu ni hesabu, nimeieleza soko zima la Molo.

“Ni mbili kwa mbili,” akakubali. “Lakini moja yetu tulifunga kwao. Mkikuwa sawa, bao ya ugenini ndiyo inahesabiwa. Wewe ukitoa gunia hapa shambani na uuze huko mbali Mai Mahiu kando ya barabara, si ni gunia ile ile? Na bei ni ya hapa?”

 Nilikuwa nimeeleza wiki nzima jambo nililojua nusu, na mwanamke ambaye hajawahi kuupiga mpira teke alikuwa amesikiliza nusu ya pili akiwa jikoni.

“Washa simu,” akasema. “Mtoto amenipigia mara mbili akikutafuta. Anasema kila akijaribu anaambiwa hupatikani.”

Nikakaa chini. Nilikaa pale pale kwenye udongo, miguu mbele, mara ya kwanza tangu Jumapili, na Mama akasimama kando yangu akinikinga upepo. Simu ilichukua muda mrefu kuwaka. Nikajikokota hadi chini ya ule mti, na kabla sijabonyeza kitu ikaita.

Kulikuwa na nyimbo na vuvuzela nyuma yake. “Ulizima,” akasema.

“Nilizima.”

“Ulidhani ni penalti.”

“Ndiyo.”

Akacheka. “Kocha ametuambia hiyo story ya bao ya ugenini wiki mzima. Nilikuwa najua. Lakini refa amepuliza, mimi nikabaki kwa laini ya goli. Nikapangusa glavu, nikaangalia mbele, nangoja wa kwanza. Wenzangu wamekuja kunirukia nikawafukuza. Nikawaambia, niacheni, nataka kujipanga.”

“Ungeruka wapi?”

“Kushoto.”

“Zote tano?”

“Zote tano.”

Nilitaka kumwambia kuhusu ule mpira wa kule ugenini, kwamba sikuwa na haki ya kuuliza. Nililipanga neno vizuri kwa mara ya kwanza maishani mwangu, likakataa kutoka. Nikamwuliza lile jingine lililokuwa limeninyima chai wiki nzima.

“Na glavu?”

“Ngoja,” akasema, na nikamsikia akimwambia mtu aisogeze simu. “Nimeshikiliwa simu kwa sikio. Bado sijazitoa.”