Mvua Ilinyesha Masakta Yeye Hayupo

Onesphory alianza kulima na maksai huko Masakta akiwa na miaka kumi na mitano, na hakuwahi kumwachia mtu plau yake. Mgongo ulipoanza kumuuma, akiwa na hamsini na minane, hakushangaa. Alimeza dawa za maumivu, akaendelea kulima. Lakini miguu ilipovimba na mkojo ukatoka na povu kama la sabuni, mkewe Fransiska alimpakia kwenye basi, akampeleka Arusha kwa binti yao Oliva.

Hospitalini, daktari alimweleza taratibu. "Mzee, ugonjwa umeanzia ndani ya mifupa, kwenye uboho. Chembe zilizoharibika zinamwaga protini mbaya kwenye damu. Figo zikijaribu kuichuja, zinaziba na kuumia."

"Nitarudi shamba lini?"

"Tutibu kwanza. Na damu yako isafishwe kwa mashine, mara tatu kwa wiki."

Miezi saba ikapita. Dawa ziliipunguza ile protini, mgongo ukatulia, ila figo hazikuamka. Oliva alimtunza vizuri, lakini dirisha la chumba chake lilitazama ukuta wa jirani. Onesphory alitamani kufungua mlango wa nyumbani kwake Masakta auone mlima Hanang umejifunika wingu, anuse zizi, asikie baridi ya alfajiri masikioni.

Asubuhi moja, Onesphory akiwa amelala kwenye mashine, Fransiska, aliyekuwa amerudi Masakta, alipiga simu. "Baba Oliva, mvua imenyesha. Tunalima."

"Nani ameshika plau?"

"Mimi."

Onesphory akasema, "Usikate simu."

Fransiska aliitia mfukoni. Onesphory akasikia minyororo ikigongana, na sauti ya mkewe ikiwaita maksai.

"Yule mwekundu usimkaze!" alisema.

"Tulia, Baba Oliva. Ananielewa."

Onesphory alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Alisikiliza hadi chaji ya simu ikaisha.

Mwezi uliofuata daktari alimruhusu: aondoke Jumamosi, Jumapili awe amerudi. Alifika jioni, akaenda moja kwa moja shambani. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mistari ilipinda kidogo karibu na kichuguu, naye akaipita, akigusa majani kwa kiganja.

"Umelima vizuri, Mama Oliva," alisema.

"Basi kaa uvune."

Kesho yake Fransiska alimsindikiza kituoni. Onesphory alichagua kiti cha dirishani, upande wa mlima, akautazama mpaka ukapotea.