Mkuu wa Chuo cha Walozi

Kila nikikutana na wasichana niliosoma nao pale Garsen, hawakosi kukumbushia hadithi ya jini, na wote hucheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sicheki. Nimejaribu, maana nimechoka kuambiwa nina kisirani, lakini hasira hunipanda kabla msimulizi hajafika hata katikati. Basi leo naisimulia mimi, na anayetaka kucheka akacheke kwao.

Mchezo ulikuwa wangu. Niliuandika kwetu Kulesa, likizo ya kabla ya kuingia Fomu Tatu, wakati mafuriko yalikuwa yamemeza migomba yetu na hatukuwa na la kufanya ila kukaa chini ya turubai la msaada tukingoja maji yashuke. Niliumba nchi ambayo mto hupanda mlima, na huko juu nikajenga chuo cha walozi. Hakikuwa chuo cha kila mtu. Waliosoma humo walikuwa wana wa walozi na wajukuu wa walozi. Walikula nyama kila siku, kila mmoja alikuwa na kitanda chake, na maabara yao ilijaa radi zilizotiwa kwenye chupa. Langoni alisimama Mkuu wa Chuo. Mtoto aliyefika kuomba nafasi aliulizwa swali moja tu: "Baba yako ni nani?" Aliyetaja mkulima au mfugaji alirudishwa, hata kama vidole vyake vilikuwa vinatoa moto.

Sijawahi kumwona mlozi maishani mwangu. Nilikuwa nawaza zile shule kubwa za mbali ambazo sisi wa Tana River huzisikia redioni siku ya matokeo. Maabara yetu sisi ilikuwa na darubini moja, nayo ilifungiwa kabatini isije ikavunjika. Hiyo ndiyo hasira niliyoiandikia mchezo.

Nafasi ya Mkuu wa Chuo nilimpa rafiki yangu. Alikuwa Muorma, binti wa mfugaji, akilala kitanda cha chini na mimi cha juu, na katika hisabati alinishinda mpaka nikaacha kuona haya. Alikulia uwandani akiita ng'ombe, na alipoitoa ile sauti yake ya chini, nzito, hata walimu waliokuwa wakipita walisimama. Tulijua tutafika mbali kwenye mashindano ya drama.

Mimi niliandika kwamba walozi wanavaa leso. Mwalimu wetu wa drama akasema majaji watatucheka, mlozi lazima awe na joho. Kitambaa hakikuwapo, lakini stoo ilikuwa na maturubai yaliyobaki ya msaada wa mafuriko. Akaamuru yakatwe, yashonwe, yapakwe rangi nyeusi. Turubai, Garsen, mwezi wa Machi! Asiyelijua joto letu na ajifunge gunia la plastiki akasimame mbele ya jiko. Nilimwambia, "Madam, watu watapikika humo ndani." Akanijibu kwamba mwandishi akishaandika, kazi yake imekwisha.

Na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Rafiki yangu alikuwa amefunga.

Tulikuwa tukifanya mazoezi uwanjani, jua la saa nane, yeye amesimama juu ya meza na joho lake limemfika kisigino. Akanyoosha mkono, akaanza, "Baba yako..." Hakumaliza. Alianguka chini na meza ikamfuata.

"Wee! Ameshikwa na jini!" msichana mmoja akapiga yowe.

"Ni ule mchezo wa walozi, jamani! Si tulisema?"

Mayowe yakaenea kama moto wa nyasi kavu. Kabla jua halijatua wasichana wengine kadhaa walikuwa wameanguka bwenini, maana mambo haya huambukizana. Ninachokumbuka kuliko vyote ni kwamba Biblia ililetwa, Msahafu ukaletwa, chupa ya mafuta ya upako ikaletwa, na hakuna aliyeleta maji. Nilimvua lile turubai kwa mikono yangu. Lilikuwa linachoma. Nilikimbia tangini na kikombe, nikammwagia kichwani, akafungua macho na kuuliza kwa nini watu wanalia.

Asubuhi tuliitwa ofisini, yeye kama mgonjwa na mimi kama mwenye mchezo. Mwalimu mkuu wetu alikuwa na digrii ya fizikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba rangi nyeusi hufyonza joto, na akatuchorea ubaoni.

"Una nini wewe?" akamuuliza.

"Sina kitu, mwalimu. Nilikuwa nimefunga, na lile joho ni moto sana."

Akamgeukia matroni. "Unasikia? Ndivyo yanavyosema. Jini halikubali hata siku moja kwamba lipo."

Sasa mtu ajibu nini hapo? Akikubali ana jini, analo. Akikana, jini ndilo linalokana. Nikafungua mdomo nimtetee, nikaambiwa mimi ndiye niliyeleta uchafu huu shuleni na ninyamaze. Hukumu ikatolewa palepale: mchezo uchomwe, na msichana arudi kwao mpaka apone, kwa kuwa wenzake wanaogopa. Sote tulijua maana yake. Kwao uwandani, au kwetu Kulesa, hakuna tofauti: msichana akirudishwa nyumbani kwa sababu ya jini, harudi tena shuleni. Watu watasema ndoa ndiyo itakayomtuliza, na mwanamume wa kumtuliza huwa hakosekani.

Baba yake alikuja siku iliyofuata kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa na fimbo yake katikati ya magoti, akamsemesha binti yake Kiorma, akasikiliza kwa utulivu. Kisha akamwambia mwalimu mkuu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mwalimu, mtoto nasema hana kitu. Nasema jua na kiu tu."

"Mzee, hayo ni maneno ya jini."

Yule mzee akailaza fimbo yake sakafuni. "Mimi sijui mambo ya shule," akasema. "Nyinyi ndio najua."

Nilitaka kulia kwa hasira. Baba mtu alikuwa ameuliza, akajibiwa ukweli, akauamini, halafu akalazimika kuuweka chini kwa sababu mwenye tai alisema vingine.

Hapo ndipo matroni akaingilia. Alikuwa mtu wa Kipini, na jioni alizoea kutusimulia bwenini habari za shangazi zake na mapepo yao. Mke aombe kanga mwaka mzima asipewe. Pepo akimpanda kichwani na kudai kanga, mume anatoka mbio kwenda dukani. Tulikuwa tukicheka sana tukisikia hayo.

"Bwana mwalimu," akasema, "pepo hafukuzwi kama kuku. Pepo huulizwa haja yake, akapawa, akatulia."

Mwalimu mkuu akakubali. Matroni akamketisha rafiki yangu kwenye mkeka, akamfunika leso, akafukiza udi. "Ewe uliye kichwani mwa mwana huyu," akaita, "wewe ni nani, na wataka nini?"

Rafiki yangu akainua pembe ya leso, akanitazama mara moja tu. Nikaelewa kabla hajaishusha.

"Mimi ni Mkuu wa Chuo," ile sauti ya chini ikatoka, na nywele zikanisimama ijapokuwa maneno niliyaandika mimi. "Nimetoka nchi ambayo mto unapanda."

"Karibu, bwana mkubwa. Wataka nini?"

"Nataka mtoto huyu abaki hapa. Nataka afanye mtihani wa mwisho hapahapa. Nataka hisabati kila siku. Na darubini itolewe kabatini."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Na nisipokubali?"

"Wewe," likasema jini, "baba yako ni nani?"

Na mwalimu mkuu, mwenye digrii ya fizikia, akalitaja jina la baba yake.

Ikakubaliwa yote. Mzee alipoinuka kwenda zake alisema neno moja kwa Kiorma, na rafiki yangu akanifasiria baadaye: alikuwa ameliagiza jini lisome kwa bidii.

Wenzangu huishia hapo, vicheko vikaanza. Mimi naanzia hapo. Kwanza, hakuna msichana aliyekubali tena kulala karibu naye. Nilibaki mimi peke yangu kitanda cha juu, na viwili vya jirani vikahamishwa. Pili, kila muhula ulipofunguliwa aliketishwa mkekani aulizwe kama mgeni wake ameridhika. Ilimbidi afumbe macho na kuitoa ile sauti, maana siku ambayo jini lingekosekana, makubaliano yangekosekana nalo. Alipoongoza shule nzima katika hisabati, mwalimu mkuu aliwaambia wazazi mkutanoni kwamba hayo ndiyo matunda ya kushughulikia mambo ya kiroho mapema. Wazazi wakapiga makofi. Nilitoka nje nikaupiga teke mlango wa choo.

Tulipokuwa Fomu Nne, mtihani umekaribia, habari zilimfikia kwamba mama yake amelazwa na hali si nzuri. Nikamsindikiza ofisini. Alikuwa ameamua kwamba safari hii ataomba kama mtu.

"Mwalimu, mama yangu amelazwa. Naomba ruhusa nikamwone."

Mwalimu mkuu hakuinua kichwa. "Kila mtu hapa ana mama. Rudi darasani."

"Tafadhali, mwalimu. Nitarudi kesho jioni."

"Hukusikia?" Akamwonyesha mlango kwa kalamu.

Rafiki yangu alibaki amesimama. Nilimwona akiuma mdomo, akifumba macho, na nikatamani kumvuta mkono nimwambie asifanye, si leo, si kwa ajili ya mama yake. Sikumvuta. Ningemwambia atumie njia gani nyingine?

"Nataka kumwona mama wa mtoto huyu," ikasema ile sauti.

Mwalimu mkuu aliinuka ghafla hata kiti kikaanguka. Akasema sawa, sawa kabisa, hakuna neno. Akapiga simu pikipiki ije mpaka getini, akaniagiza nimsindikize, na akatutakia safari njema akiwa ameinamisha kichwa. Tulipofika kwenye korido rafiki yangu alishindwa kujizuia. Alilia akimwita mama, kwa sauti yake mwenyewe, na nyuma yetu mwalimu mkuu akaufunga mlango.