Sajini Anaclet na Meza ya Bwana

Siku ya mazishi ya baba, mzee mmoja wa kanisa alisoma historia ya marehemu, kama desturi yetu ya Bunia inavyotaka. Alizaliwa mkoa wa Équateur, akaingia jeshini akiwa kijana, akafika Ituri na kikosi chake, akamwoa Micheline, akazaa watoto sita, akawa mzee wa kanisa. Halafu msomaji akakohoa na kusema, "Kuanzia mwaka 2002 alipumzika kidogo katika huduma." Alipumzika! Nilikuwa nimeketi mkekani karibu na jeneza, nikataka kuinuka nimnyang'anye ile karatasi. Mama akanivuta kitenge, nikatulia. Leo hakuna wa kunivuta kitenge, kwa hiyo mimi Martine, binti yake wa tatu, nitaisema miaka hiyo waliyoiruka.

Baba aliitwa Anaclet Bokungu, na cheo chake kilikuwa sajini katika jeshi la Zaire. Jeshi hilo lilipovunjika mwaka 1996 na kupita Bunia likikimbia, wenzake walibeba magodoro ya watu, redio, hata milango. Yeye alirudi nyumbani mikono mitupu, akavua magwanda, na tangu siku hiyo akawa mfyatuaji wa matofali. Mama, tusiwe wanafiki, alimwuliza kama kweli hakuona hata sufuria moja huko. Baba akamjibu kwamba sufuria aliziona nyingi, na zote zilikuwa na wenyewe.

Nyumbani kwetu mtaa wa Saio alitupanga mstari kila Jumapili asubuhi, akakagua kucha, masikio na viatu kama tunakwenda kwenye gwaride. Alitugombeza kwa Kilingala na kutubembeleza kwa Kiswahili. Mama akirudi sokoni, baba alimpokea kikapu njiani na kukibeba mwenyewe, wanaume wakamcheka, naye akawasalimu vizuri tu. Nimeolewa sasa, najua thamani ya mwanaume anayebeba kikapu.

Kitu kimoja tu kilitushinda kwake: baba hakusema uongo. Sisemi alijitahidi kutosema, nasema hakusema. Shangazi yake mama alituletea mboga ya sombe yenye chumvi ya kuua, akauliza kama ni tamu, baba akajibu, "Hapana, mama, lakini asante." Majirani walisema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Mama akaongeza kwamba si mpenzi wa wakwe.

Kisha vita vikaingia mjini. Sitataja makabila. Watu wa Bunia tunayajua, na asiyeyajua hayatamsaidia kitu. Inatosha kusema kwamba mwaka 2002 mtaa wetu ulishikwa na vijana wa upande mmoja, na watu wa upande wa pili wakawindwa nyumba kwa nyumba. Sisi, kwa sababu ya asili ya baba, tulihesabiwa kuwa watu wa kuja tu, hatuna upande. Jirani yetu mwalimu Fabien alikimbia na mke wake na watoto wadogo. Binti yao mkubwa, Débora, alikuwa ameenda kuchota maji. Aliporudi hakukuta mtu, akaingia kwetu kwa mlango wa jikoni. Mama akamlaza nyuma ya magunia ya makaa, akamfunika na magunia matupu.

Vijana walifika mchana. Kiongozi wao alikuwa Blanchard, na Blanchard tulimjua vizuri, maana baba ndiye aliyemfundisha shule ya Jumapili. Alisimama mlangoni na bunduki yake, akamwamkia baba kwa heshima, kama mwanafunzi.

"Papa Anaclet, batu banasema mutoto wa Fabien iko hapa."

"Hakuna," baba akasema.

"Papa, siye tunakujua. Weye hausemaka bongo, haudanganyaka. Apa tu mbele ya Mungu, siye tunaenda."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko, natazama mgongo wa baba. Nilimwona anavyovuta pumzi. Kisha akainua mkono wake wa kuume, ule aliouinua siku alipowekewa mikono kuwa mzee wa kanisa.

"Mbele ya Mungu," akasema, "mu nyumba hii iko bibi yangu na batoto yangu. Mwengine hakuna."

Blanchard akageuka kwa wenzake. "Tuende. Huyu muzee hasemaka bongo." Hawakutafuta hata chini ya kitanda. Ukweli wote wa maisha yake, tangu sufuria mpaka sombe, ndio uliomwokoa Débora, na baba aliutumia wote kwa neno moja. Wiki iliyofuata tulimpatia msichana nafasi katika ndege ndogo ya kwenda Beni, akiwa amevaa nguo za dada yangu.

Sisi tulishangilia. Baba alikonda. Jumapili ya Meza ya Bwana ilipofika, alikwenda kwa mchungaji Lucien kabla ya ibada, akamwambia, "Nimetenda dhambi, na siwezi kuitaja." Kanisani kwetu sheria ni wazi: anayetubu mbele ya watu anakaa miezi mitatu bila kushiriki Meza, kisha anarudishwa. Asiyetaja dhambi yake anakaa benchi la nyuma mpaka atakapoitaja. Na baba angetaja nini? Vijana walikuwa bado wanatawala mtaa. Neno lile likitoka kanisani asubuhi, jioni nyumba yetu ingekuwa majivu, na sisi ndani.

Basi mtu aliyekuwa akibeba sahani ya mkate akaenda kuketi nyuma, pamoja na vijana waliopeana mimba na mzee mmoja mlevi.

Mama alimsihi. "Rahabu naye alidanganya, akaficha wapelelezi, Mungu akamhesabia haki."

"Rahabu hakuapa kwa jina la Mungu," baba akajibu.

Na midomo ya watu je? Pasipo moto hapafuki moshi, walisema, na moto wakautafuta wenyewe. Baba alikuwa amewahi kwenda Mongbwalu kufyatulia mfanyabiashara matofali, basi wakaamua ana mwanamke huko. Aliyeusambaza uvumi huo zaidi alikuwa Mama Anastasie, mjane wa mtaa wetu. Mwanawe Antoine alikuwa ameuawa njia ya kwenda Fataki, na waliomwua walikuwa watu wa upande wa Débora. Sokoni alimwuliza mama mbele ya wote kama mke mwenzake anajua kupika. Mama akanunua mafuta yake, akarudi nyumbani, akalia. Baba alijua kwamba analia na kwa nini. Nilimchukia kidogo kwa unyamavu wake, ingawa nilijua ndio uliotuweka hai.

Mwaka 2004 mji ulipotulia kidogo, na vijana wengi wakaanza kurudisha silaha, baba alisimama siku ya ibada bila kuitwa. Alikwenda mbele kwa hatua za askari, akasema yote: magunia, swali, mkono, kiapo. Nilingoja waimbe. Nilingoja hata mtu mmoja aseme Mungu asifiwe. Lakini karibu kila benchi lilikuwa na mtu aliyeuliwa ndugu na upande wa Débora.

Mama Anastasie ndiye aliyeinuka. "Papa Anaclet, siye tulizania uko na mwanamuke kule Mongbwalu," akasema. "Afazali ungekuwa naye."

"Najua, mama," baba akasema. "Ndiyo maana nilinyamaza."

Mchungaji alitaka kumrudisha mezani siku ileile. Baba akakataa, akataka miezi yake mitatu kama kila mtu. Ilipokwisha, hakurudi kiti cha wazee. Alikwenda kuketi benchi la Mama Anastasie, kando yake kabisa. Sahani ya mkate ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia, yule mama akaipitisha bila kula, na uso ameugeuzia ukutani. Baba akaishika sahani, akamtazama, naye akaipitisha bila kula.

Nilimfuata nje nikiwaka moto. Miaka miwili ana njaa ya mkate huo, na sasa anaupitisha! "Maandiko yanasema ndugu yako akiwa na neno juu yako, patana naye kwanza," akaniambia. "Yeye iko na neno juu yangu." Nikamwambia basi atakufa hajala. Akanijibu kwamba huenda.

Ikawa hivyo kila mwezi. Hakumhubiria yule mama hata mara moja. Baada ya ibada alibaki naye benchini na kumwuliza habari za Antoine: alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kula nini, nani alimfundisha kupiga gitaa. Mwanzoni Mama Anastasie aliutazama ukuta tu. Halafu akaanza kujibu kwa neno moja, kisha kwa hadithi ndefu, na mara nyingine tuliwaona wazee hao wawili wanacheka peke yao kanisani, sisi tunawangoja juani na njaa zetu.

Siku ya Pasaka sahani ilifika kwenye benchi lao kama kawaida. Mama Anastasie akachukua vipande viwili. Kimoja akakitia kinywani mwake. Cha pili akakiweka kiganjani mwa baba, akakifunga kiganja kile kwa mikono yake yote miwili.

"Kula," akamwambia. "Antoine naye hangemutoa ule mutoto."

Baba akala.