Kumcheka Maiti wa Watu

Mume wangu, mwalimu, alihamishiwa Bagamoyo kutoka Moshi mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nikamfuata na masanduku matatu. Niliposhuka nikayahesabu: mawili. Nikarudia: mawili. Ndivyo pwani ilivyonikaribisha.

Sokoni siku ya kwanza nilimwuliza mama muuza samaki, "Changu huyu bei gani?" Hakuniangalia. Nikauliza tena. Akamgeukia mwenzake: "Eti, kwao huko milimani hakuna asubuhi? Mtu akiamka anaanza na bei?"

Aliyenifunza adabu alikuwa jirani yangu, Mkwere mwenye asili ya Miono, tuliyepakana naye ukuta. Usitaje bei kabla hujauliza habari za nyumbani, za watoto na za mgonjwa. Kama mgonjwa hayupo, uliza vilevile. Usinyooshe miguu mkekani kama nguo iliyoanikwa. Akanifunza na kukuna nazi, na mara ya kwanza nilikuna pamoja na kidole. "Tui la nyama," akasema. "Shoga, hilo hata Wachaga hawali." Mtaa mzima yeye peke yake ndiye aliyeniita shoga. Wengine waliniita mama mwalimu, jina lililomhusu mume wangu zaidi yangu. Kwa hiyo nilikuwa na shoga mmoja. Nilimhesabu mara mbili, akabaki mmoja.

Mama yake, kikongwe aliyechechemea mguu wa kushoto na kunusa ugoro, hakunipenda na hakuficha. Kila nilipopiga hodi aliita uani, "Mfichieni nazi! Mtu wa milimani kaja!"

Basi akafa mjomba wa shoga yangu. Wanawake tumekaa ndani, mikeka imejaa, ubani unafuka, mara akaingia bibi mmoja wa Kinyamwezi amevaa kanzu ya marehemu, kofia imemfika puani, anakohoa kikohozi cha marehemu kama chenyewe. "Nani kala mchuzi wangu? Nimekufa asubuhi hii tu, kuku wa jirani wameshaanza kunenepa!" Yule mjomba alisifika kwa kuku wa watu. Nilidhani bibi atapigwa. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Niliwahesabu waliocheka, kumi na tisa, nikarudia, ishirini. Wa ishirini alikuwa mjane mwenyewe.

Sikuuliza. Mimi, ninayeuliza hata bei ya kitu nisichokitaka, hilo sikuliuliza. Nikahitimisha mwenyewe kwamba huku ndiko kumfariji mtu kwao. Mwaka mzima nimekula nao, nimelia nao, ila kuwachekesha sijawahi. Nikaona mlango.

Miezi michache baadaye kikongwe naye akafa. Nilimkuta shoga yangu katikati ya wanawake, kajifunika khanga gubigubi, hali wala hanywi. Moyo uliniuma, na hilo sisemi kwa kujitetea. Nikatoka, nikachukua bakora ya marehemu iliyoegemezwa mlangoni, nikajitanda khanga yake, nikaingia nachechemea mguu wa kushoto. Nikavuta ugoro wa hewa, nikapiga chafya. "Mfichieni nazi! Mimi nimekufa, sasa mtu wa milimani atazimaliza!"

Nilisikia sufuria tu ikichemka uani. Nikadhani sikuchechemea vya kutosha, nikarudia, safari hii kwa sauti.

"Huyu ni mtani wetu?" Dada wa marehemu aliuliza, na hakuniuliza mimi.

Yule bibi wa Kinyamwezi alikuwepo, akajibu yeye. "Hata. Sisi babu zetu walishuka hapa na mizigo ya watu mabegani. Wakifa, hawa waliwazika, na hawa wakifa tuliwazika sisi. Ndiyo maana tunachekana. Huyu kabeba nini?"

"Kabeba ndizi," akasema mmoja pembeni.

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka wote, hata waliokuwa wakilia. Mmoja tu hakucheka, na huyo ndiye niliyekuja kumchekesha. Dada wa marehemu akaninyang'anya bakora, khanga nikavuliwa kama mwizi aliyekutwa kwenye kamba ya nguo. Nikatoka kwa miguu yangu yote miwili, mizima.

Nilingoja arobaini ipite. Nikapika wali wa nazi, nazi nimekuna mwenyewe na vidole vyote vimesalimika, nikampelekea. Pwani sahani ya jirani hairudi tupu; hata limau moja litawekwa. Yangu ilirudi imeoshwa inang'aa, haina kitu. Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.

Nikaenda mwenyewe. Nikapiga hodi, nikasalimia kwa ukamilifu, nyumbani, watoto, mpaka mgonjwa asiyekuwepo. Akajibu kila salamu.

"Shoga, nisamehe. Sikujua."

"Yamekwisha, mama mwalimu."

Nikashusha pumzi. Kisha lile jina likanifikia.

"Yapi yamekwisha?"

"Yote," akasema kwa upole, akanimiminia chai. Ilikuwa na iliki, na sukari ya kutosha. Niliinywa peke yangu. Yeye alikwenda uani kufua.