Mlango wa Mama Shiru

Bramwel aliendesha ambulensi hadi akastaafu, lakini kule mtaani Kabiria hakuwahi kufika mlangoni kwa mgonjwa hata siku moja. Vichochoro vilikuwa vyembamba mno. Alikuwa akisimama barabarani na kupiga honi, na papo hapo Mama Shiru anang'oa mlango wa mbao wa kibanda chake cha chai uwe machela. Mafundi wa jua kali wanaacha kazi, wanambeba mgonjwa mbio, huku nesi Veronicah akikimbia kando ameinua dripu. Nani angejidai ameokoa mtu peke yake?

Sasa njia imepanuliwa. Juzi Bramwel alikuwa akinywa chai pale kibandani, king'ora kikalia. Akasimama.

“Keti, Baba Ivyne,” Mama Shiru akamwambia. “Siku hizi wanafika wenyewe hadi mlangoni.”

Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaung'oa mlango.