Shikamoo Tatu za Asubuhi Moja

Mtu aliyekuwa akinifuata alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi. Shati jeupe, viatu vimepigwa rangi, hatua kumi nyuma yangu kila asubuhi kutoka nyumbani kwetu Malindi hadi skuli ya Mkunazini, nilikoanza kusomesha mwanzoni mwa miaka ya sabini. Posa yake nilikuwa nimeikataa. Tangu hapo hakunigusa wala kunitukana. Alinifuata tu, miezi mitatu.

Mama alichoka kabla yangu. "Mwezi mwengine ukiandama hajakuacha, kazi basi. Utakaa ndani." Nilikuwa na darasa zima la watoto waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kusoma. Kukaa ndani sikukutaka hata kukusikia.

Nikenda polisi. Askari aliuliza, "Kakugusa?" Hajanigusa. "Kakutishia?" Hajanitishia. Akaweka kalamu chini.

"Bibiye, njia ya watu wote. Kumbughudhi mtu kwa makusudi ni kosa, lakini hayo makusudi ntayaandika vipi? Nletee watu walioona kwamba hana safari, safari yake ni wewe."

Nilitoka pale nimenuna. Kwenye kona moja ya Kiponda walikuwa wamekaa wazee watatu barazani na vikombe vyao vya kahawa, kama kila siku. Nikawaamkia, wakaitikia. Nyuma yangu nikaisikia sauti yake, "Shikamooni, wazee." Nikakaribia kucheka peke yangu njiani. Kwa malezi aliyopewa, bwana yule hawezi kupita mbele ya wazee kimya.

Siku ya mapumziko ya skuli nilivaa buibui nikatoka mapema, moyo unanienda mbio kwa furaha ya utundu. Nikapita barazani, nikaamkia. Naye akapita, akaamkia. Nikashuka Darajani, nikapenya katikati ya wauza samaki, nikarudi kwa uchochoro mwengine hadi kwa wazee wale wale. "Shikamooni." Na nyuma yangu, "Shikamooni, wazee." Nikazunguka tena. Safari ya tatu wazee wakaniuliza nimepoteza nini.

"Ntakuja kuwaambieni, babu," nikajibu, nikapita.

Kisha nikasikia wakimuuliza na yeye, "Na wewe, mwanangu, umepoteza nini?" Akaongeza mwendo kunifuata. Niliuma ncha ya buibui nisicheke. Jioni nilirudi na mama tukawaeleza yote, na wote watatu wakakubali kwenda polisi kusema walichokijua.

Askari akaipeleka kesi mahakamani. Mahakama zilikuwa mpya wakati ule. Hakuna mawakili, mahakimu watatu tu mezani na watu wamejaa mpaka mlangoni. Bwana yule alisema kwa upole kwamba hakuwahi kunifuata, siku ile alipita barazani mara moja tu kwenda sokoni. Mzee wa kwanza na wa pili walisema walimwona kijana wa shati jeupe mara tatu. Akajibu kwamba mashati meupe mjini ni mengi, na hakimu mmoja akatikisa kichwa kukubali. Hapo nilipata hofu ya kweli.

Mzee wa tatu alisimama, ameegemea mkongojo. "Mimi sioni," akasema. "Mwambieni aniamkie."

Bwana yule alitazama sakafu. Angeweza kukaa kimya, hakuna aliyemshurutisha. Lakini mzee alikuwa mbele yake, anangoja, na malezi yakamshinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye huyu. Mtu huniamkia mara moja asubuhi, akenda zake. Huyu kaniamkia mara tatu. Hakuwa na pa kwenda."

Wakamwamuru asinifuate tena, na akirudia ni jela. Nilitaka kuruka mle mle ndani. Mama alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma.

Siku ya skuli nilipita barazani na madaftari ya watoto kifuani. "Shikamooni." "Marahaba." Nikasimama kidogo, kwa mazoea, nikingoja sauti ya pili. Haikuja. Yule mzee asiyeona naye alikuwa ametega sikio.

"Nenda, mwalimu," akaniambia. "Watoto wanakungoja."