Pasi ya Magotini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka viganja vyangu vinalowa jasho. Ilikuwa Jumamosi, hapahapa Mwanza, kwenye uwanja wa saruji uliobanwa na mawe makubwa upande mmoja na nyumba za watu upande wa pili. Nilikuwa nimerudi nyumbani, lakini nilirudi nimevaa jezi ya timu ya Kampala, na watu walionilea walikuwa wamekaa juu ya yale mawe wakisubiri kunizomea.

Nikueleze kwanza mimi ni nani, maana huenda unanijua kama mzee anayechechemea anayekuja kuwatazama mkifanya mazoezi jioni. Nilizaliwa Pasiansi, hapahapa mjini. Shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa na sikushindwa, miguu tu iliniwasha. Nilitaka kujua kuna nini ng'ambo ya Nansio, kisha ng'ambo ya Bukoba, na nilipofika huko nikataka kujua kinachofuata. Mpira wa kikapu ndio ulionibeba. Nilicheza pointi gadi, yule anayepandisha mpira na kuamua nani aupate, na kazi hiyo imenilisha katika miji mingi kuliko ambayo baba yangu aliwahi kuisikia kwenye redio.

Siku hiyo nilikuwa bado kijana, na Kampala ilikuwa timu yangu ya kwanza nje ya nchi. Wageni tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Mbuyi, Mkongo wa Lubumbashi, mrefu, mpole, mtupaji wa mbali ambaye akiupata mpira vizuri huna haja ya kutazama kikapu. Kabla ya safari bosi wa klabu alituita wote wawili akatuambia bila kuzunguka kwamba msimu unaokuja atabaki na mgeni mmoja tu. Mashindano ya miji ya ziwa ndiyo yangeamua, na mchezo wa mwisho ulikuwa dhidi ya Mwanza.

Basi lilipovuka mpaka pale Mutukula, nahodha wetu Kato akaja kukaa pembeni yangu. Kato alinipenda, au nilidhani hivyo.

"Wewe Malimi, unalala usingizi gani?" akaniuliza. "Mpira unaupandisha nani?"

"Mimi."

"Sasa unaogopa nini? Mtupaji asiyepata mpira ni mtu anakimbia tu. Mpe, lakini mpe magotini. Mpe kwa kuchelewa. Akikosa, nani atakutazama wewe?"

Mwanangu, kama hujacheza nafasi yangu huenda hujaelewa ubaya wa maneno hayo. Mtupaji anataka mpira umfikie kifuani, upande wa mkono anaorushia, wakati ule ule mguu wake unapotua. Ukimfikia magotini, lazima ainame. Akiinuka, mtu ameshamkaba. Hata asipokabwa, mwili umeshapoteza mdundo. Atarusha, atakosa, na uwanja mzima utasema yule Mkongo leo hayupo vizuri. Kocha atasema hivyo. Hata yeye mwenyewe atasema hivyo. Katika mchezo wote ule hakuna mwizi aliyejificha vizuri kama pointi gadi.

Nilitazama dirishani mpaka tukafika.

Siku ya mchezo, kabla ya saa sita, nilimchukua Mbuyi nikaenda naye nyumbani kula, kwa sababu mama alikuwa ameagiza, na agizo la mama yangu halikuwa na mjadala. Alipika sato na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama. Mbuyi alikula kama mtu aliyefika kwao.

"Aksanti mama," alisema. "Hii samaki iko nzuri kabisa. Malimi alikuwa ananificha hii."

"Huyu ni mchoyo tangu mdogo," mama akasema, akamwongezea ugali bila kumuuliza. "Una mke?"

"Niko naye, mama. Anangoja mtoto. Nikibaki Kampala, nitamleta."

Mama akaniangalia, akacheka, akasema, "Basi mwangalie mwenzako." Hakujua lolote. Nikainuka kunawa mikono kabla sahani yangu haijaisha.

Tulipoingia uwanjani kupasha mwili, kelele zilianza kutoka juu ya mawe.

"Malimi! Umesahau dagaa siku hizi?"

"Mpeni ndizi huyo, ndiyo chakula chake!"

"Msaliti! Rudi kwenu!"

Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa nimekazika kama kamba. Na mikono ikaanza kufanya jambo ambalo kichwa kilikuwa bado hakijakubali. Zoezi letu lilikuwa mimi kumpa Mbuyi pasi, yeye anarusha. Nikaujaribu ule mpira wa magotini. Mara ya kwanza akainama, akarusha, akakosa. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu alikosa tena, akajifuta viganja kwenye kaptula, akaniinulia mkono kuomba radhi. Aliniomba radhi mimi.

"Wewe! Njoo hapa."

Sauti ile ningeitambua hata kaburini. Alikuwa Mama Kulwa, mwalimu wa shule ya msingi aliyetufundisha mpira watoto wa Pasiansi na Mkuyuni tangu tulipokuwa hatuwezi kuufikisha juu. Sasa alikuwa kocha wa Mwanza, adui yangu wa siku ile. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa kati, filimbi shingoni, kanga kiunoni juu ya suruali ya michezo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko hawali?"

"Wanakula, mama. Safari tu."

"Huyo mrefu amekukosea nini?"

"Nani, mama?"

"Usiniulize nani. Unampa mpira magotini."

"Ninapasha mwili tu."

Nikukumbushe, mwanangu, au nikuambie kama hujui, jinsi huyu mama alivyotufundisha. Kwake kijana akitoa pasi mbaya hakutukanwa. Alipelekwa kusimama pale alipokuwa mwenzake, akapewa pasi mbaya ya namna ile ile, tena na tena, na kila alipokosa alikimbilia mpira mwenyewe mpaka kwenye mtaro. Nilikuwa nimeufuata mpira kwenye mtaro ule mara nyingi. Mkono wangu haukuweza kutoa pasi ya magotini kwa bahati mbaya, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani.

Hasira zikanipanda, hasira za mtu aliyekamatwa. Nikamwambia, "Kwani wewe si kocha wa hawa? Mimi nikimharibia mwenzangu, si faida yako?"

Mama Kulwa akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya kanga yake.

"Nimekuja kushinda, sijaja kuokota," akasema kwa sauti ya chini. "Ukiweza kunifunga, nifunge. Lakini hutanifanyia uchafu kwenye uwanja wangu, halafu mimi niruke nikishangilia bila kujua nashangilia nini. Na huyo kijana wa watu aende kwao akiamini mikono yake imeoza? Nani alikufundisha hivyo, mimi?"

"Wataniacha, mama. Mmoja wetu lazima aachwe."

"Basi uachwe," akasema. "Kuachwa utapona."

Akapuliza filimbi kuwaita vijana wake. Nikabaki pale na mpira mkononi.

Mchezo ulianza vibaya kwetu. Upepo wa alasiri ulikuwa unapanda kutoka ziwani, na vijana wa Mwanza waliujua, walirusha wakijua utawasukumia wapi. Sisi tulikuwa tunajifunza. Nilipandisha mpira, nikamwona Mbuyi anatoka nyuma ya mwenzetu aliyemzibia mkabaji wake, mguu unatua, na kwa sekunde ile nikahisi mkono wangu una njia mbili. Nikampa kifuani. Akafunga. Nikahisi kama nimekata kipande cha nyama yangu mwenyewe.

Ndivyo ilivyoendelea. Kila pasi safi niliyompa ilinisogeza karibu na mlango wa kutokea. Alifunga tena, akafunga tena. Kwenye benchi nilimwona bosi akimnong'oneza kocha, na macho yao yalikuwa kwa Mbuyi. Kato alinipita akanisonya, "Mjinga wewe." Kisha kocha akamwambia kijana wa Kampala, mbadala wangu kwenye nafasi ile, avue fulana ya mazoezi akae tayari. Nilijua maana yake. Nafasi yangu ilikuwa na mtu wa nyumbani. Nafasi ya Mbuyi haikuwa na mtu.

Usidhani roho ilitulia baada ya yale maneno ya Mama Kulwa. Watu husimulia kana kwamba mtu akishakemewa basi amepona. Mimi katika robo ya mwisho bado nilikuwa napiga hesabu za hila. Nilijiambia nimeshampa za kutosha, sasa zilizobaki ni zangu. Nikaanza kuingia mwenyewe. Nikafunga kimoja, cha pili wakanizuia, cha tatu nikapoteza mpira na Mwanza wakakimbia nao wakafunga. Mawe yote yakalipuka. Tukawa nyuma kwa pointi moja, na muda uliobaki ulitosha shambulio moja tu.

Kocha wetu hakuomba mapumziko. Alinionyesha kidole tu: nenda.

Nikapandisha mpira taratibu. Aliyenikaba alikuwa kijana niliyesoma naye darasa moja, akinikoromea, "Leo unalia, Malimi, leo unalia mbele ya mama yako." Nikamdanganya kulia, nikapita kushoto. Njia ilikuwa wazi mpaka chini ya kikapu. Mwanangu, niliiona kazi yangu pale mbele, niliuona msimu mzima, jina langu, basi la kurudi Kampala nikiwa kiti cha mbele. Nikaruka. Wawili wakaruka kunizuia. Kwa pembe ya jicho nikaiona soksi nyeupe ya Mbuyi kwenye kona, mbele kabisa ya benchi la Mama Kulwa. Alikuwa peke yake, mikono imefunguka.

Bado ningeweza kurusha. Ningeweza pia kumpa magotini, na nani angesema? Nilikuwa hewani kati ya watu wawili, pasi yoyote kutoka pale ingeonekana ya miujiza.

Nikampa kifuani, mkono wa kulia.

Nilianguka kabla sijaona. Nilichosikia ni kimya, halafu makelele ya wenzangu wachache katika uwanja mzima ulionyamaza. Chupa tupu ya maji ikanigonga begani. Nilipoinuka, Mama Kulwa alikuwa amesimama mbele yangu na uso mkali.

"Umenifunga," akasema.

"Nimekufunga, mama."

"Hiyo pasi nimeiona. Leo sitaki kukusalimia, nina uchungu. Njoo kesho nyumbani unywe uji."

Kesho yake asubuhi bosi aliniita nje ya nyumba ya wageni. Alikuwa mtu wa utani. "Malimi, tumeamua kubaki na Mbuyi," akasema. "Wewe una bahati, uko kwenu tayari. Hata nauli hatukupi." Akacheka. Basi likaondoka, na Mbuyi akinipungia mkono dirishani, akidhani nitawafuata baada ya siku chache za kukaa na mama. Nilisimama pale barabarani na begi langu mpaka vumbi lilipotulia. Kisha nikaenda kunywa uji.

Sitakudanganya kwamba nililipwa upesi. Nilibeba magunia ya dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotua, msimu mzima, na waliokuwa wakinizomea juu ya mawe sasa waliniuliza lini narudi Kampala. Kato aliendelea vizuri, alipata timu kubwa kuliko zote nilizowahi kuchezea, na sijasikia kwamba kuna siku alijuta. Mimi nilipigiwa simu kutoka Kigali mwaka uliofuata. Pointi gadi wao alikuwa ameumia, na kabla ya kunipigia walikuwa wamemuuliza Mbuyi neno moja: huyo anagawa? Mbuyi akawaambia, anagawa. Hakujua hata alikuwa anazungumzia nini hasa, na mimi sijamwambia mpaka leo. Baada ya Kigali nilikwenda Lubumbashi, Blantyre, Maputo, na kila mji nilioingia niligundua swali lile lilikuwa limetangulia kufika kabla ya begi langu.

Sasa nakuambia wewe ambaye mawakala wameanza kukupigia, na ambaye najua huwezi kutulia, kwa sababu mimi pia sikuweza. Nenda. Uliza kila kitu njiani. Ukifika kwenye timu mpya, kabla ya kujua mshahara unalipwa lini, jua kila mwenzako anapenda mpira umfikie wapi. Na itakuja siku utaogopa kupoteza nafasi yako, na mkono wako utagundua kwamba unaweza kumharibia mtu bila yeyote kuona. Siku hiyo mpe kifuani. Ukiachwa, achwa. Ni kweli inauma, mimi nimesimama kwenye lile vumbi. Lakini usimwache mtu mzima akajifuta viganja na kukuomba radhi kwa kosa lako, maana hilo huendi nalo mji wowote likakuacha ulale.

Mungu akulindie magoti, mwanangu, na macho yako ya pembeni. Akukutanishe na watu watakaokupa mpira pale unapoutaka, na akina mama wa ugenini watakaokuongezea ugali bila kukuuliza. Nenda salama.